Mwaka Juzi Nilikuwa Tajiri

Fomu haiulizi habari za leo.
Inauliza mwaka juzi,
na mwaka juzi, jamani, nilikuwa tajiri:
mashine namba tatu ikinguruma usiku kucha,
ovataimu ikifurika kama uji uliosahauliwa jikoni,
na mimi, Rolande Ouellette, vizibo masikioni,
nachunga karatasi nyeupe ikipita mbio,
pana kama barabara,
ndefu ya kuizungushia Maine yote kama sanda.

Februari wakaizima.
Kimya kilichofuata kiliamsha vichanga mji mzima.

Sasa ni saa tano usiku, meza ya jikoni,
theluji inakwaruza kioo kama paka aliyefungiwa nje.
Emile mwanangu ananisomea kwenye kompyuta ya shule.
"Mama, wanauliza nyumba hii ina watu wangapi."
Wawili. Na nusu, ukimhesabu mbwa.
"Wanauliza akiba."
Ngoja nicheke kwanza, ndipo uandike.
"Wanauliza ndoa. Kuna mjane, kuna mtalaka,
kuna aliye na mume."
Hakuna kisanduku cha
*alitoka kwenda kununua betri.*

Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini siku hizi kata huapishwa,
hutia sahihi, huambatisha stakabadhi.

Jibu likaja: kwa mapato yako ya mwaka juzi,
hustahili.

Miaka kumi na tisa nimetengeneza karatasi.
Sikujua iko siku itageuka,
inikazie macho, iniulize:
wewe ni maskini kiasi gani?
Thibitisha.

Bi Haskell wa ofisi ya misaada chuoni
hufanya kazi na koti mwilini, hita yao mbovu.
"Andika barua," akasema. "Usilie ndani yake.
Weka tarehe. Weka notisi ya kuachishwa kazi.
Wasomaji wake wamechoka; wape namba."

Rasimu ya kwanza nilimtaja baba,
aliyepika vipande vya mbao miaka thelathini
katika kemikali inayonuka mayai viza,
akafa akivuta pumzi kwenye bomba
kama mtoto anayenyonya soda iliyokwisha.
Nikamfuta. Baba naye hana kisanduku.
Kwamba ndiyo sababu nataka kusomea
tiba ya upumuaji,
hilo hakuna aliyeliuliza.

Nikawapa namba. Mshahara: sifuri.
Sifuri ile niliichora vizuri, mviringo kamili,
kama mtu anayechora mlango.

Julai, bahasha.
Ruzuku, wameandika. Hairudishwi.
Neno hilo nikalisoma mara tatu kwa sauti,
maana kwetu sisi kila nilichowahi kupewa
kilikuja na kamba mkiani.
Ada yote imelipwa.
Kitabu, hapana. Stetoskopu, hapana.
Petroli ya maili arobaini kwenda,
arobaini kurudi, hapana.

Nikaiuza pikipiki ya theluji
aliyoiacha yule wa betri.
Mnunuzi akazungusha ufunguo, kimya.
Akafunua, akachungulia:
haikuwa na betri.
Nilicheka hadi mbwa akabweka.
Akanipunguzia dola sitini, hata hivyo nikazipokea zilizobaki.

Septemba nimeketi kati ya watoto wa miaka kumi na tisa,
umri wa kazi yangu.
Mmoja kaniita mama, akaona haya.
Mwalimu akagawa mpangilio wa muhula.
Wenzangu wakausoma.
Mimi nikausugua kati ya kidole gumba na cha shahada,
nikauinua kwenye mwanga wa dirisha:
laini mno, nyepesi, nyuzi fupi.
Si yetu hii. Imetoka mbali.

Nikaandika jina langu juu, upande wa kulia.
Nikangoja.
Wino haukusambaa.