Barua za Mguuni

Miaka kumi na mmoja nagawa posta Chiloé,
kisiwa ambacho mvua haina likizo,
na suruali yangu ya kazi haijawahi kukauka.
Nimenuswa na mbwa wa kila lango.

Mwanzo nilikaza magoti, nikijua ataning'ata.
Siku hizi nasimama tu, kama ukurasa.
Mbwa hakuulizi jina; jina ni la kwenye bahasha.
Anauliza: umelala wapi, umekula nini,
leo unaniogopa kiasi gani,
na uliyempapasa asubuhi ni nani?
Pua baridi inaanza na kiatu,
inapanda upindoni, inatua nyuma ya goti,
na ikifika pale adabu isipofika
mwenye mbwa huona haya. Mbwa haoni.
Kwake hapo ndipo penye saini.

Herminda anakaa juu, karibu na kanisa la mbao.
Mdogo wake, Otilia, chini, kwenye tope la ghuba.
Waligombania shamba la viazi la baba yao.
Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime.
Mimi nina mkoba tu,
na ndani yake sijaona
hata kadi moja ya juu kwenda chini.

Ila mbwa wa Herminda ndiye mama wa mbwa wa Otilia.
Kila Jumanne, juu, Pelusa ananisugua shavu mguuni,
na chini, nusu saa baadaye, Tizón ananisoma
polepole, macho nusu kufumba,
mkia ukicheza mahali ambapo mimi naona tope tupu.
Barua isiyo na stempu. Sikuwahi kuitoza.

Jumanne hii Pelusa hakutoka.
Herminda alipokea bili ya umeme, akafunga mlango.
Jembe liliegemea ukuta, lina udongo mbichi.

Chini, Tizón alinusa mguu wa kulia,
akanusa wa kushoto, akarudi wa kulia.
Akanizunguka. Akanusa hewa ya nyuma yangu,
kisha akakaa katikati ya njia, uso mlimani.

Otilia alikuwa anamenya viazi barazani.
Aliweka kisu chini.
"Eleuterio, huyu ana nini?"

Mtu wa posta hasemi ya watu; ndiyo sheria.
Nilitazama suruali yangu.
Naye akaitazama, muda mrefu,
kama mtu aliyesahau miwani,
halafu akaingia ndani
akatoka na koti la mvua.

Tizón alishatangulia.