Kumbe Nilikuwa Nacheka

Thuwaiba alikubali nipige mikono,
mikono tu, hina ingali mbichi.
"Uso wangu una mwenyewe," alisema,
na mwenyewe hakuwa bwana harusi.

Ila nyuma ya mikono palikuwa na kioo,
na ndani ya kioo, ukingo wa kushoto,
shavu, sikio, nusu ya kicheko.
Sikukiona hadi saa nne usiku
nimekaa ngazini, Langoni, video tayari,
inangoja picha ya jalada.

Jalada lina vipimo, halibembelezwi:
elfu moja mia mbili themanini kwa upana,
mia saba na ishirini kwenda juu,
uzito usizidi megabaiti mbili.
Yangu ilikuwa na nane. Jitu.

Mwaka jana ningeipeleka kwa Lali wa duka la simu.
"Niachie, dada, pitia baada ya Alasiri."
Nilipitia. Ndogo alinipa, nzuri,
kubwa ikabaki kwenye mashine yake,
na wiki ya pili Mwanaharabu, bi harusi wa Shawwal,
alikuwa kwenye kadi ya saluni, Mokowe,
mdomo wazi, maharusi yake juani.
Lali aliapa hajui. Huenda hajui.
Maji yakimwagika hayazoleki,
lakini angalau huonyesha palipolowa.
Nilikwenda kwa mamake kuomba radhi.
Alinimiminia kahawa. Yeye hakuketi.

Basi safari hii nimefungua ukurasa
unaoapa kwamba kazi yote ni humuhumu,
ndani ya kivinjari, ndani ya simu,
hakuna kinachopelekwa popote.
Maneno. Hata Lali alikuwa nayo.
Nikazima data. Nikazima waifai.
Nikaweka hali ya ndegeni,
kijindege kikatua pembeni mwa skrini.
Haya, nikasema, fanya kazi mlango umefungwa.

Ikafanya.
Simu ikapata joto kiganjani kama andazi.
Nikaisukuma fremu kwa kidole gumba,
kulia, kulia tena,
kioo kikatoka, shavu likatoka,
na sikio, na kile kicheko,
yakabaki maua ya piko kifundoni
yaliyonila nusu saa na mgongo.
Kilobaiti mia nne na kumi na mbili.
Kucha zimefifia kidogo. Nimeona, nimenyamaza.

Nyumba zetu zina daka:
mgeni huketi hapo, akapewa maji, akaulizwa hali,
na ndani hubaki ndani, wala hajatukanwa mtu.

Asubuhi nikampelekea simu yenyewe, mkono kwa mkono.
Jalada akalipitisha kwa kichwa.
"Na ile kubwa?"
Nikamfungulia. "Ifute mwenyewe."
Kidole kikasimama juu ya kikapu cha taka,
kikasimama sana.
Akaikuza, akaikuza tena, ile pembe ya kushoto,
hadi kicheko kikavunjika vijiraba vya rangi.

"Usiku ule nilidhani naogopa," akasema.
"Kumbe nilikuwa nacheka."