Waya Mweusi

Kabla ya wagonjwa, najipima mwenyewe.
Mashine ni kuukuu, ilitufikia hapa Kibaigwa
ikiwa imeshazeekea kwingine, na sitaki
imsingizie mtu maradhi yasiyo yake.
Nikiona vilima vyangu vimesimama sawasawa
najifuta jeli, nafunga vifungo, naita: aingie wa kwanza.

Leo wa kwanza ni Ndahani Chipanha,
mbeba magunia wa soko la mahindi,
pumba masikioni, nyusi nyeupe kwa vumbi la unga.
Jana alianguka. Gunia lilikuwa mgongoni,
lakini si uzito, anasema. "Uzito naujua.
Hiki kilikuwa kama mtu kazima taa,
kisha akaona haya, akawasha."

Namnyoa kifua kwa wembe.
"Dada, kwani leo naoa?"
Bega lake la kulia limekuwa gome;
hapo hata jeli inateleza, haikubaliki.

Nyaya namtajia moja moja na kazi zake,
maana mtu akifungwa asichokijua, moyo huongopa.
Mwekundu, mkono wa kulia. Wa njano, wa kushoto.
Wa kijani, mguu wa kushoto. Sita kifuani,
zimefuata mbavu kama kuku wanaofuata punje.
"Na huu mweusi?"
Mguu wa kulia.
"Unasikia nini?"
Hausikii kitu. Upo ili wenzake wasikie.
Anatazama dari.
"Basi huo ni mama yangu."

Nazima feni, kwa kuwa ukuta nao una mngurumo wake
na hupenda kujiandika penye habari za watu.
Usiongee. Usikaze vidole. Jifanye gunia.
Hilo analiweza.

Karatasi inatoka, ya waridi,
miraba midogo kama daftari la hesabu.
Kilima kidogo, mlima.
Kilima kidogo, subira, mlima.
Kilima kidogo, subira, subira, mlima.
Kilima kidogo

na karatasi inapita tupu,
tambarare kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi,
mpaka nikajikuta nami nimebana pumzi.
Kisha kilima. Kisha mlima, hapo hapo,
kana kwamba hakuna aliyekosekana.

Jina lake nalijua, la kitabuni. Silisemi.
Namwekea karatasi mbele ya macho,
naye anaikagua kama anavyokagua mizani ya mnunuzi.
"Aa. Huyu namfahamu.
Ndivyo tunavyobeba ikishafika saa tisa.
Gunia la kwanza unainuka nalo papo hapo.
La pili unavuta pumzi. La tatu unavuta mbili.
La nne linakuita, wewe huendi."
Kidole chake kinasimama penye utupu.
"Ila mimi huwa naenda. Huyu nani kamfundisha kugoma?"

Naandika rufaa ya Dodoma.
Huko watausikiliza mchana kutwa na usiku kucha,
na huenda wakamwekea kifaa, kadogo tu,
chini ya ngozi, cha kuukumbusha ukisahau.
"Kwa shilingi ngapi?"
Nasema nilichowahi kusikia.
Anahesabu, si shilingi, magunia,
na kwa kuwa sijamfungua bado,
kila kidole anachokunja kinaandika mtetemo wake:
mashine inatoa karatasi, inatoa karatasi,
msitu wa miiba umeziba vilima vyote.
Nilipaswa kuizima. Sikuizima
mpaka alipomaliza mkono wa pili
na kurudi kwenye wa kwanza.

Usiiweke juani, nikamwambia,
karatasi hii huungua bila moto, huwa nyeusi yote.
Akaiingiza kwenye kofia. Akaitoa.
Akacheka kidogo: kutoka hapa mpaka Dodoma
kivuli kiko wapi?
Mwishowe akaikunja akaipachika ndani ya shati,
pale nilipomnyoa.

Naita wa pili.
Waya mweusi bado una joto la mguu wake.