Palepale

Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso,
nainama na tochi ya simu chini ya gari.
Doa lipo. Kijani kama maji ya kisamvu,
limetuama juu ya mchanga mwekundu wa Newala,
palepale, chini ya kona ya kushoto ya rejeta,
ambapo plastiki imeshikwa na bati kwa meno madogo
na meno yamechoka kuuma.

Mwaka wa tatu huu.
Fundi Nangomwa amebadilisha mpira wa juu, mpira wa chini,
mfuniko mara mbili, pampu,
kisha rejeta nzima iliyokuja na basi kutoka Dar, imeviringishwa gazeti,
nikailipia kwa korosho ambazo hata hazijapimwa.
Wiki sita tulikaa kama watu.
Wiki ya saba, tone.

"Mama Somoe," huniambia, "leo nimeipata."
Ameipata Januari. Ameipata Idi.
Ameipata siku ya arobaini ya shemeji,
tuko njiani, sufuria za watu zimejaa kwenye buti.
Anayeipata kila mara, nauliza,
huwa anaipoteza saa ngapi?

Nimetia manjano, vijiko vinne,
kama alivyoniagiza dereva mmoja wa Tandahimba.
Nimetia ute wa yai.
Nimesiliba sabuni ya mche, nimesiliba gundi ya kuchanganya.
Gari likanukia pilau mpaka Kitangari
na wakati wa kupandisha likachemka kama pilau kweli.

Sokoni nikakutana na Mwalimu Chitanda,
ana kama langu, jeupe.
Hata hujambo sikumwambia. "Lako linavujia wapi?"
Akanyoosha kidole bila kugeuka kutazama.
Palepale.
La mhasibu wa chama cha msingi, palepale.
La mkunga wa Mkunya, palepale, na yeye alidhani ni mashimo ya barabara.
Basi si barabara. Si mkono wa Nangomwa.
Si jicho la jirani niliyemnunia mwaka mzima
(nimempelekea mbaazi, amepokea, hajauliza).
Ni kuzaliwa. Huko lilikotoka
mtu alichora mstari pale, akaenda kula mchana.

Tukaandika barua, saini nne.
Jibu likaja kwa lugha nzuri, na muhuri:
magari yenu yamepitisha muda.
Kilema cha kuzaliwa
wanakihesabia umri.

Usiniambie ni gari tu.
Huku juu maji hayaji, hupandishwa.
Mama aliyapandisha kutoka bondeni, ndoo kichwani,
jogoo wa kwanza bado, mimi nyuma yake na kidumu cha lita tatu,
na tone likinimwagikia hakunipiga.
Alinitazama.
Nilinunua gari nisitazamwe tena.
Sasa nina madumu matano kwenye buti
wala si ya nyumbani:
nalibebea gari maji, lipate nguvu za kunibeba
nikalichotee.

Jana nikainama, doa halipo.
Mchanga mkavu, una nyayo za kuku tu.
Nikarudia na tochi. Nikapapasa kwa kiganja.
Nikampigia Nangomwa, nikacheka, naye akacheka,
"Si nilikwambia nimeipata?"
Nikapika chai ya maziwa, nikatia sukari ya sikukuu,
nikainywa nimesimama, nimeegemea mlango wa gari
kama mtu aliyeegemea nyumba yake.

Halafu, kwa mazoea tu, nikafungua mfuniko.
Ndani mmekauka kau.
Halikuwa limepona.
Lilikuwa halina tena cha kuvuja.

Nikaweka kikombe chini.
Nikashusha dumu la kwanza.