Vipimo Vitatu na Kikombe

Imeletwa mitatu, ikalazwa juu ya turubai
mbele ya ghala la kijiji, hapa Namakololo, Liwale,
minyororo ingali na grisi ya dukani.
Kamati imekaa kwenye magunia ya ufuta.
Mimi, Mfaume Nakuchema, mkata magogo miaka kumi na mmoja,
nimeambiwa: jaribu, kisha utuambie
msumeno upi tununue.

Gogo lipo, mninga ulioangushwa na upepo wa Machi,
ukiukumbatia mikono haikutani.
Shamila kashika simu ya kuhesabia.

Wa kwanza ni wa bei poa, laki nne na themanini.
Zuberi muuzaji kausifu tangu Nachingwea mpaka hapa,
pikipiki yake ikimwitikia.
Nikavuta kamba. Nikavuta. Nikavuta tena.
Ukakohoa, ukatema moshi wa buluu,
ukaingia mtini kama mgeni asiyejua mlango,
ukafika kwenye kiini, ukazima.
Sekunde sitini na moja, bila kuhesabu matusi.
Petroli hiyo, akasema Zuberi.
Petroli ile ile tuliyoitia yote mitatu.

Wa pili, wa kijivu, milioni moja na laki nne.
Mzito kama deni, ila haukugoma.
Spea zake zipo Masasi, plagi, chujio, kila kitu,
na fundi Chitemwe huufungua amefumba macho.
Sekunde thelathini na saba.

Wa tatu, wa rangi ya chungwa.
Jamani.
Mvuto mmoja tu ukawaka,
nikaushusha, na mninga ukaachia kama papai bivu,
unga mwekundu ukarukia kofia ya mwenyekiti.
Sekunde kumi na nane.
Nilitaka kukata tena, bila sababu, kukata tu.
Milioni tatu na laki mbili.

Bi Somoe Ngatanda, mtunza hazina, hakupiga makofi.
Kibali cha mwaka huu ni miti mingapi?
Kumi na minane.
Kila mti mikato mingapi?
Sita, ukiwa na akili.
Akalamba penseli, akageuza risiti ya korosho,
akaandika nyuma yake.
Basi huu wa chungwa, kuliko wa kijivu,
unatuokolea nusu saa na dakika nne.
Kwa mwaka mzima.
Mbaazi zangu zingekuwa bado jikoni, ngumu.
Watu wakacheka. Zuberi akaangalia viatu vyake.
Nani abishane na mwanamke
aliyeuza ufuta wa kijiji kizima
asipunjwe hata kilo?

Nikakaa kunywa chai.
Kikombe kikanigomea. Vidole viwili vya kushoto
siku hizi vinalala bila mimi,
vyeupe kama vya mtu aliyeloweka muhogo kutwa.
Chai ikanimwagikia gotini. Nikasingizia nzi.

Bi Somoe aliona. Hakusema pole.
Akasema: washa wa kijivu, kata mara tatu,
kisha njoo ushike hiki.
Kikombe kimejaa mpaka ukingoni.
Nikakata. Nikashika. Kisahani kikafurika.
Akaninyamazia, akanipa kipande cha muhogo,
akangoja mpaka nimemeza.
Sasa wa chungwa.
Nikakata mara tatu, nikashika.
Juu ya chai ukapita mkunjo mdogo,
likadondoka tone moja. Mawili, tuseme.

Shamila hakujua ahesabu nini, akazima simu.
Mwenyekiti akajikung'uta unga wa mninga:
lakini bajeti, jamani, bajeti ni bajeti.
Bi Somoe akafungua daftari la kamati,
chini ya nguvu, chini ya kasi, chini ya bei
akaongeza mstari mmoja,
akaufunika kwa kidole gumba nisiusome.
Kisha akanisogezea kikombe,
akaniambia ninywe kabla haijapoa.