Futa Diski Nzima?

Julai, Uyole. Baridi imelala juu ya magunia ya viazi
mpaka saa tatu, na mimi nafungua duka
ndani ya koti la kaka yangu, vidole vimekufa ganzi.
Nawasha kompyuta. Inazunguka. Inazunguka.
Inaniandikia kwamba nakala yangu si halali,
mbele ya wateja, kana kwamba nimeiba kuku.

Ni kweli. Niliinunua elfu tano Mwanjelwa,
na virusi nikapewa nyongeza, kama nyanya ya mwisho.

Gwamaka wa kwaya, aliyekuja kutoa kopi za nota,
akavua flashi shingoni, imefungwa kwa kamba ya kiatu:
"Humu mna mifumo minne, Subilaga. Jaribu tu.
Inakaa humu humu, haigusi diski. Ukiuchoka mmoja, chomoa."
"Ya nani?"
"Ya watu."
"Na nikiupenda?"
"Mgawie mwingine."

Baba alifanya hivyo na mbegu. Mistari minne nyuma ya choo,
kila mstari na kijiti chake, debe la kuazima kutoka Umalila,
na mvua ndiyo ilikuwa mwalimu.

Wa kwanza ulikuja kama bibi harusi,
madirisha yanayeyuka, picha ya ziwa nisilolijua.
Feni ikalia kama fuso linapanda Kitonga.
Nilipobonyeza mara ya pili, bibi harusi akazimia.

Wa pili: skrini nyeusi, kistari cheupe
kinapepesa, kinapepesa, kinangoja niseme mimi kwanza.
Tukakaa kimya kama mke na baba mkwe
waliokutana kwenye njia nyembamba,
kila mmoja anatafuta mgomba wa kujificha.
Nikachomoa.

Wa tatu ukaniuliza: uko wapi?
Ukanitandazia dunia. Nikashuka na mshale polepole,
Rukwa juu, Nyasa chini, nikabonyeza hapa hapa,
kwenye njia panda, penye mama wa maparachichi.
Alama ikaruka mpaka Dar es Salaam.
Nikabonyeza tena. Dar es Salaam.
Haya. Tumezoea.
Saa yake ikasema tisa, nje ni saa tatu asubuhi;
hilo nalo sikuligombania.

Maana ulikuwa unasema Kiswahili.
*Subiri kidogo,* uliandika, na mimi nikasubiri
kwa adabu ambayo sikuwahi kuionyesha mashine.
Kuna mtu, sijui wapi, alikesha akipima:
niseme *futa*, au niseme *ondoa*?
Akachagua. Akaenda kulala. Hakunidai.

Nikafungua diski ya zamani, kuchungulia tu.
Na pale palipokuwa patupu miaka miwili
(virusi viliificha, mimi nilidhani viliila)
folda moja: LWITIKO.
Barua kumi na moja za kuomba kazi.
Hesabu za lumbesa, deni la kila dereva.
Picha: mkono wake, kikombe cha chai,
na koti hili, likiwa bado na vifungo vyote.

Sikulia. Kulikuwa na mteja wa pasipoti saizi.

Printa lakini wa tatu haukuitambua kabisa,
na printa ndiyo ugali wangu.
Wa nne, mbaya wa sura, rangi ya bati kuukuu,
ndio ulioiamsha. Ikakohoa, ikavuta karatasi,
na kwa kuwa wino wa njano umeisha
kaka akatoka wa buluu, kama mtu aliyekaa sana nje alfajiri.

Sasa huo wa nne unauliza: *Futa diski nzima?*
Ndiyo. Hapana. Vitufe viwili, saizi moja.
Folda nimeshainakili mara tatu, hata kwenye simu ya mama,
lakini kidole kinakataa. Nasingizia baridi.

Mlangoni mwanafunzi anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa.
"Subiri kidogo," namwambia,
kwa maneno ya yule mtu wa usiku.