Mtoto wa Nane

Nimezaa saba. Wa nane alizaliwa jichoni,
bila mimba, bila mkunga, bila kilio.
Sikumnyonyesha, akanenepa.
Alikula mwanga wa koroboi kwanza,
kisha mlima wa ng'ambo ya ziwa,
kisha herufi za Biblia, moja moja,
kisha uso wa mjukuu wangu Asifiwe
kabla sijauona.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Wahenga hawakupanda Kadutu kwa miguu
na maziwa mgando ndani ya mboni,
mkono ukipapasa mbao za nyumba za watu,
mguu ukiuliza tope: hapa ni njia, au ni shimo?

Nilipouliza bei ya kumtoa, walinitajia dola.
Nikazigeuza kwa kipimo ninachokijua,
vikombe vya maharage.
Nilipofika mia sita nikaacha kuhesabu.
Siku njema nauza kumi na viwili.

Tangazo likasomwa kanisani baada ya komunyo:
madaktari wa macho wanakuja Bagira, wiki moja, ni bure.
Bure. Nalijua neno hilo, lina sura mbili:
kuna bure ya kupewa
na kuna bure ya kujisumbua.
Nikaenda hata hivyo, saa kumi ya usiku,
viazi vitamu vimefungwa katika pindo la kitenge,
maana hata bure ina foleni.

Tulikuwa wengi. Hatukuonana, tulisikilizana.
Mbele yangu mwanamke wa mizigo
aliyenuka kamba na jasho la bandarini.
Nyuma yangu sauti kavu: "Birindwa, fundi wa saa, Nyawera."
Tukagawana kiazi, kila mmoja akitafuta mkono wa mwenzake.

Muuguzi Esperansi alitutia msalaba wa kalamu
juu ya nyusi. Jicho moja tu kwa mtu, alisema,
ili wengine nao wapate.
Nikachagua la kulia.
La kushoto likabaki na mtoto wake.

Birindwa walimkagua kwa muda mrefu.
Nilikisikia kimya cha daktari.
"Mzee, huyu si mtoto wa jicho. Hii ni presha ya jicho,
mshipa umekwisha kufa. Ungekuja zamani..."
"Zamani," Birindwa akasema, "ilikuwa na bei."

Mimi nikalazwa chini ya taa.
Saba niliwazaa kwa uchungu, kwa kung'ata kitambaa.
Wa nane alitoka kama punje ikitoka gandani,
na mtu fulani alikuwa akipiga mluzi.

Asubuhi wakabandua bandeji.
Kitu cha kwanza duniani: kucha za Esperansi,
nyekundu, moja imebanduka rangi.
Nikalia. Akanikataza kulia, dawa itatoka.

Nyumbani nikashika ungo kama kila siku.
Mawe! Mawe madogo, rangi ileile ya maharage.
Miaka mitatu nimewapikia mawe,
na ninyi mlitafuna, mkasema asante mama.
Nikamtazama Asifiwe. Akacheka,
nikaliona jino lake la mbele, limemeguka pembeni.
Sikuuliza limemegukia wapi.

Alhamisi nikashuka Nyawera.
Birindwa yuko kibandani mwake, pale pale,
anafungua saa za watu kwa vidole,
anazisogeza sikioni kama mtu anayesengenywa.
"M'Cirhuza, nimeujua mwendo wako, sasa una haraka.
Hebu niambie, saa ngapi?"

Ukutani zilining'inia saa kumi na moja,
kila moja na ukweli wake.
Nikazipitia zote, polepole, kwa jicho langu moja,
nikamsomea ile
iliyokuwa nyuma kuliko zote.